Bibi Ndiye Mkaguzi Mkuu: Mwongozo wa Kuweka Picha, Sauti na Filamu Zote Pahala Pamoja

Ukitaka kujua familia inavyotunza mali yake, uliza ziko wapi picha za harusi ya mtoto wa kwanza. Utaambiwa ziko kwa shangazi, kwenye simu yake ya zamani. Simu ipi? Ile iliyovunjika kioo. Iko wapi? Alipewa mtoto achezee. Uliza na video ya maulidi: iko kwenye flashi, flashi imo mkobani, na mkoba umekwenda Pemba na mwenyewe. Sauti ya Bibi akisimulia habari za ujana wake nayo ipo, alhamdulillahi, kwenye kaseti, ndani ya bati la biskuti, juu ya kabati, na hakuna aliyelifungua bati hilo tangu redio kaseti ilipokufa.

Nyumba hiyo ikiwa na biashara ndani yake, vurugu huzidi. Chukua nyumba ya Mji Mkongwe, Unguja, ya aina iliyo nyingi pale: chini mapokezi na duka dogo, ghorofa ya kwanza wenyewe, ghorofa ya pili vyumba sita vya wageni, na juu kabisa mkahawa wa kupungia upepo. Picha za kutangazia vyumba zimebaki kwenye kompyuta ya kijana aliyekwisha acha kazi. Muziki wa mkahawani unatoka kwenye simu ya mhudumu, kwa hiyo mama yake akipiga kuuliza kama mwanawe amekula, wageni wote mezani wanalazimika kusubiri jibu. Kamera za mlangoni zinarekodi mchana kutwa na usiku kucha, ndani ya kisanduku ambacho neno lake la siri analijua fundi mmoja tu, na fundi huyo hapokei simu.

Yote haya yanaweza kukaa kwenye mashine moja ndani ya nyumba, yakafunguliwa kutoka runinga yoyote, simu yoyote na spika yoyote iliyomo. Utajiri hauhitajiki. Kinachohitajika ni mpango, na mpango mzuri una utaratibu wake: mashine yenyewe hununuliwa hatua ya sita. Anayeanza na mashine huishia na mashine tu.

Hatua ya kwanza: usinunue kitu

Kaa sebuleni na karatasi ya mistari. Chora safu nne: nani, anataka nini, yuko wapi, saa ngapi. Kisha pita nyumba nzima ukiuliza, na usimruke mtu. Mtoto wa skuli anataka katuni baada ya chuo cha Kurani. Mama mwenye nyumba anataka kuona mlango wa mbele akiwa jikoni. Mhudumu anataka muziki kuanzia saa kumi na moja jioni. Mgeni wa chumba namba nne anataka ramani ya vichochoro, maana mji huu humpoteza hata mwenyeji. Ami aliyeko Maskati anataka kumsikia mama yake. Bibi anataka kuona harusi ya mjukuu wake bila kuomba msaada kwa mtu.

Hapo umeshapata mkaguzi mkuu. Bibi apewe kura ya turufu juu ya mfumo mzima. Asilolimudu Bibi kwa kubonyeza rimoti mara tatu, hilo halijakamilika, hata kama fundi amelisifu kwa Kiingereza cha dakika ishirini. Mifumo mingi ya majumbani hujengwa na kijana hodari kwa ajili ya kijana hodari, kisha wengine wote hugeuka ombaomba wa kuwashiwa televisheni. Nyumba ni ya wote, na mfumo wake uwe wa wote.

Hatua ya pili: piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Watu hununua diski kwa kukisia, na makisio huegemea woga au majivuno. Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita.

Kamera ya kawaida ya ulinzi hutoa kama megabiti 4 kwa sekunde, yaani nusu megabaiti. Siku ina sekunde 86,400. Kamera moja, basi, hula gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne hula 173. Ukitaka kuhifadhi wiki mbili, tenga terabaiti 2.4 kwa ajili ya mlango, ngazi, mapokezi na ua.

Sasa hesabu vya familia. Picha 20,000 za simu, kila moja megabaiti 4, ni gigabaiti 80. Video ya harusi yenye ubora mzuri, megabiti 8 kwa sekunde, ni gigabaiti 3.6 kwa saa. Harusi ya saa sita haifiki gigabaiti 22, na harusi ishirini hazifiki 440. Kaseti za Bibi, tuseme saa mia moja, zikinakiliwa kwa kiwango cha chini kinachopendekezwa na wahifadhi wa sauti wa kimataifa, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, huchukua takriban gigabaiti moja kwa saa. Jumla ni gigabaiti mia moja na kidogo.

Tazama tena tarakimu hizo. Saa mia moja za Bibi, na sauti za watu wote waliokwisha tangulia mbele ya haki zilizomo humo, zinaenea ndani ya nafasi ambayo kamera moja hujaza kwa siku mbili na nusu kwa kumrekodi paka akivuka ua. Kumbukumbu zote za ukoo, picha, harusi na kaseti, hazifiki terabaiti moja. Kwa hiyo anayesema hana nafasi ya kuhifadhi mambo ya familia aangalie vizuri nafasi yake ameipa nani.

Hesabu hii inakupa na uamuzi wa kwanza wa ujenzi: kamera zipewe diski yao peke yao. Kamera huandika bila kupumzika na kufuta bila huruma. Usizilaze kitanda kimoja na harusi.

Hatua ya tatu: okoa kwanza kinachokufa

Filamu ya Marekani unaweza kuipata tena mwakani. Kaseti ya Bibi iko moja duniani, na inachakaa usiku huu huu. Hewa ya Unguja ina unyevu na chumvi, na utepe wa kaseti hauvipendi vyote viwili. Fungua bati uangalie. Ukiona vumbi jeupe kwenye ukingo wa utepe, hiyo ni kuvu; kaseti hiyo isichezwe kwenye redio yoyote mpaka isafishwe, maana itaambukiza kifaa, na kifaa kitaambukiza kaseti nyingine. Angalia pia kipande kidogo cha sufi kilichobandikwa kwenye kibati chembamba katikati ya mdomo wa kaseti. Kazi yake ni kuukandamiza utepe kwenye kisomeo. Gundi yake ikikauka, kipande hudondoka, na sauti hufifia mpaka watu husema kaseti imekufa. Haijafa. Uhamishie utepe kwenye kasha zima la kaseti nyingine, ile iliyofungwa kwa skrubu ndogo, nayo itasema tena.

Halafu tafuta redio kaseti nzima, safisha kisomeo chake kwa pamba na spiriti, peleka sauti kwenye kompyuta kwa waya, rekodi. Kaseti ya dakika sitini itachukua dakika sitini, hakuna njia ya mkato. Mkalishe Bibi karibu. Atakwambia nani anaimba, harusi ya nani, mwaka gani, na nani alikasirika siku ile akaondoka kabla ya chakula. Andika yote. Kisiwa hiki kimerekodi sauti zake tangu mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, na bado majumbani mna kanda zisizo na jina wala tarehe. Sauti isiyo na maelezo huwa mgeni katika nyumba yake yenyewe baada ya kizazi kimoja.

Majina ya mafaili yafuate mpango mmoja: mwaka, mwezi, siku, kisha tukio, kisha pahala. Kwa mfano 1987-08-15_harusi_Malindi. Ukianza na mwaka, kompyuta itayapanga yenyewe kwa mfuatano wa miaka. Faili linaloitwa «video mpya ya mwisho kabisa 2» lifukuzwe nyumbani siku hiyo hiyo.

Hatua ya nne: heshimu ukuta

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zina unene wa nusu mita na zaidi. Ukuta huo umezuia jua la miaka mingi, utazuia na waifai yako. Rauta iliyo mapokezini itafika ngazini, itasita, itarudi. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi lakini hushindwa upesi na ukuta. Yale ya 2.4 hupenya zaidi lakini ni ya polepole, na yana njia tatu tu zisizoingiliana, ambazo nyumba zote za kichochoroni zinazigombania. Kununua rauta yenye antena nane ni kumpigia kelele kiziwi.

Dawa ni waya. Pitisha waya wa mtandao kutoka chumba cha mashine hadi kila ghorofa, na kila ghorofa iwe na kisambazaji chake kidogo cha waifai darini. Tangu mwaka 2003 kuna kiwango cha kimataifa kinachoruhusu waya huo huo kubeba umeme wa kuendeshea kisambazaji, kwa hiyo huhitaji soketi darini. Waya wa Cat6 hupitisha gigabiti moja kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, na nyumba yako, hata uihesabu na paa, haifiki huko. Filamu ya kawaida hutaka megabiti 8. Vyumba sita, sebule na mkahawa vikitazama kwa pamoja vitatumia megabiti 64, na waya utakuwa bado haujakunjua miguu.

Runinga za sebuleni na mkahawani zifungwe kwa waya moja kwa moja. Waifai waachiwe wanaotembea.

Dukani uwe macho. Sokoni kuna waya unaouzwa kama shaba nao ni alumini iliyopakwa shaba juu. Chukua kisu, menya uzi mmoja, ukwangue. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani. Ya bandia itakuonyesha weupe chini ya ngozi. Alumini hiyo hukatika kirahisi ikikunjwa, hupoteza nguvu njiani, na ikibeba umeme wa kisambazaji hupata moto. Muuzaji akikukataza kukwangua, amekwisha kukujibu.

Kuhusu kutoboa: Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na nyumba zake zina mwenye kuuliza, yaani Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Pita ofisini kabla fundi hajaleta dirili. Mara nyingi hutahitaji kutoboa sana. Kuna matundu ya mabomba ya zamani, kuna upenyo wa ngazi, na kuna boriti za mikoko darini ambazo waya unaweza kuzifuata bila kuonekana. Usiulaze sambamba na nyaya za umeme, uupe nafasi ya sentimita thelathini. Na kila ncha ya waya ibandikwe jina pande zote mbili. Fundi atasema atakumbuka. Hatakumbuka.

Hatua ya tano: umeme una historia

Unguja inakumbuka. Mwaka 2008 waya wa umeme unaotoka bara uliharibika, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 giza likarudi, likakaa mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Waya mpya wa chini ya bahari ulifungwa mwaka 2013 na hali ikabadilika sana, ila mpangaji mwenye busara hapangi kwa siku njema peke yake.

Mashine ndogo ya kuhifadhia yenye diski mbili, rauta na swichi ya mtandao, vyote pamoja vinatumia kama wati 40, chini ya taa moja ya zamani. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Betri ya risasi usiikamue zaidi ya nusu, toa na kinachopotea kwenye inveta, inabaki kama wati-saa 500. Gawa kwa 40: saa kumi na mbili. Umeme ukikatika magharibi, Bibi atatazama harusi mpaka alale, kama runinga nayo ina betri yake.

Hatari kubwa zaidi ni umeme unaporudi. Hurudi kwa kishindo, na kishindo hicho huua vifaa kuliko giza lenyewe. Weka UPS, kifaa cha umeme wa akiba, kati ya mashine na ukuta, na uiunganishe na mashine kwa waya wake wa taarifa ili betri ikikaribia kwisha mashine ijizime yenyewe kwa adabu. Diski inayozimwa ghafla katikati ya kuandika hupoteza kilichokuwa mkononi, wakati mwingine na zaidi ya hicho.

Chumba cha mashine kiwe na hewa, mbali na bomba la maji, na mbali na dirisha linalotazama bahari. Chini ya ngazi panafaa. Juu ya friji hapafai, hata kama ndipo soketi ilipo.

Hatua ya sita: sasa nenda dukani

Umefika. Una orodha ya watu, una hesabu ya nafasi, una nyaya ukutani na umeme wa akiba. Mashine utakayoinunua sasa ni ndogo kuliko uliyoiota mwanzo. Kisanduku cha kuhifadhia chenye nafasi ya diski mbili kinatosha, diski mbili za terabaiti 4 zinazoakisiana, moja ikifa nyingine inaendelea. Kamera zipewe kinasa chao na diski yao. Hata kompyuta ya mezani ya zamani inaweza kazi hii, ikiwa nzima na ikiwa hailii feni usiku kucha.

Kwa programu, ipo Jellyfin, ya bure na iliyo wazi kwa kila mtu kuikagua, iliyozaliwa Desemba 2018 baada ya mradi wa Emby kufunga msimbo wake. Inapanga filamu, muziki na picha, na inafunguka kwenye simu, kwenye kivinjari na kwenye runinga nyingi. Runinga ya zamani isiyoijua ipachikiwe kisanduku kidogo cha Android.

Jambo moja la kiufundi lizingatiwe mapema. Video iliyobanwa kwa mtindo wa H.264 hufunguka karibu kila mahali. Mtindo wa H.265 uliokamilishwa mwaka 2013 hubana zaidi, faili likawa karibu nusu kwa ubora uleule, lakini runinga nyingi za zamani haziuelewi. Hapo mashine hulazimika kutafsiri video papo kwa papo, na mashine ndogo ikitafsiria vyumba vitatu kwa mpigo hukwama. Angalia runinga zako zinaelewa nini, kisha hifadhi kwa lugha hiyo.

Mkahawani weka kichezeshi kidogo kilichofungwa kwa waya kwenye spika, kinachochukua muziki kutoka kwenye mashine. Simu ya mhudumu irudi mfukoni mwake, na mama yake aendelee kumpigia kwa amani.

Hatua ya saba: si kila jicho lione kila kitu

Hapa ndipo wapangaji wengi huharibu, na uharibifu wake haurekebishiki kwa kuzima na kuwasha.

Kwanza, gawa mtandao sehemu tatu ndani ya rauta na swichi: wa familia, wa wageni, wa kamera. Mgeni apate intaneti, apate ramani ya mji, apate maelezo ya nyumba na chakula. Asiweze hata kujua kwamba kuna sehemu ya familia. Kamera zisiweze kutoka nje ya nyumba kabisa.

Pili, ndani ya familia yenyewe kuna mipaka, na mipaka hiyo ni ya heshima. Harusi ya Kizanzibari ina upande wa wanawake ambao wanaume hawaingii, na video yake ina akina mama waliojipamba kwa ajili ya macho ya wenzao tu. Video hiyo ikiwekwa sebuleni kwenye orodha ya wazi, umevunja amana ya kila mwanamke aliyekuwapo. Jellyfin humruhusu mwenye mfumo kumpa kila mtu akaunti yake na kuchagua ni maktaba zipi ataziona. Basi fungua maktaba ya upande wa wanawake, iwe ya akaunti za Bibi, mama na mashangazi pekee, kwa neno la siri walilochagua wenyewe. Na anayesimamia maktaba hiyo awe mmoja wao. Msimamizi wa mfumo huona kila kitu, kwa hiyo tafuta binti wa nyumbani umfundishe kazi hii. Ataiweza, na mashangazi watatoa kanda walizozificha miaka yote kwa kukosa wa kumwamini.

Tatu, sheria. Filamu unayolipia kutazama nyumbani haikupi ruhusa ya kuwaonyesha wageni wanaolipa. Muziki wa mkahawani una wenyewe pia: Zanzibar ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2003, na COSOZA ndiyo inayoisimamia. Nenda ukate kibali. Wapigaji wa taarabu wanaoburudisha wageni wako nao wana watoto wanaosoma. Kuhusu kamera, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: bandika tangazo mlangoni, usirekodi chumba cha mtu, na usihifadhi zaidi ya unavyohitaji.

Hatua ya nane: nakala tatu, na moja ivuke bahari

Diski mbili zinazoakisiana zinakulinda na kifo cha diski moja. Hazikulindi na moto, mwizi, maji ya tangi la juu, wala mtoto aliyefuta kabrasha zima akitafuta mchezo. Akifuta kwenye moja, kioo nacho hufuta. Wataalamu wa hifadhi wana kanuni rahisi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba.

Nakala ya kwanza imo kwenye mashine. Ya pili iwe kwenye diski ya nje, inayochomekwa mara moja kwa wiki, kisha inachomolewa na kufungiwa kabatini. Ya tatu iende kwa Ami, Maskati. Familia nyingi za Unguja zina mtu Oman, na mtu huyo huuliza kila wiki afanye nini kwa ajili ya nyumbani. Mpe kazi hii.

Usijaribu kuipeleka yote kwa intaneti mara ya kwanza. Terabaiti moja kwa kasi ya kupandishia ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku kumi na nane mfululizo. Nakili kwenye diski, ifunge kwa neno la siri, mpe mtu anayesafiri. Baada ya hapo mashine mbili zitabadilishana usiku kile kipya tu. Njia kati yao iwe ya siri. Programu ya WireGuard inafaa, na tangu mwaka 2020 imo ndani ya kiini cha Linux. Mlango wa mashine usiachwe wazi kwa dunia nzima, maana dunia nzima itabisha hodi ndani ya saa moja.

Nakala zilizo nyumbani zina faida nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu kusini ya hapa, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Waliokuwa na muziki, picha na filamu zao ng'ambo walibaki wakitazama kiduara kikizunguka. Kilichomo nyumbani mwako hakiombi ruhusa ya mkongo.

Mara moja kwa miezi mitatu jaribu kurudisha: chukua faili moja kutoka nakala ya pili na moja kutoka Maskati, yafungue, yasikilize. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni tumaini tu.

Hatua ya tisa: ukaguzi, na daftari

Mwite Bibi. Mpe rimoti, kaa kimya, mikono nyuma. Usimwelekeze. Akikwama, kosa ni la mpangilio, na unapaswa kuandika alikwama wapi. Labda maandishi ni madogo. Labda orodha inaanza na filamu za mapigano badala ya harusi. Labda lugha imewekwa Kiingereza. Rekebisha, mwite tena kesho. Fanya hivyo na mhudumu, na mpokea wageni, na mtoto. Akipasi mtoto peke yake, mfumo haujapasi.

Kisha andika daftari, la karatasi. Mashine iko wapi, waya upi unakwenda wapi, umeme ukikatika ufanye nini kwanza, nakala ya pili imo kabati lipi, nani Maskati anayo ya tatu. Maneno ya siri yawe ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa mtu anayeaminiwa na wote. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali hii ni ya ukoo mzima. Kijana aliyejenga mfumo ataoa, atapata kazi Dar es Salaam, atahama. Siku atakapofunga begi lake, mpe mwenzake aliyebaki daftari hilo, umwambie azime mashine nzima na kuiwasha upya bila kuuliza neno. Akiweza, umejengea nyumba. Asipoweza, rudi kwenye karatasi ya mistari, kabla kijana hajapanda boti.